Umerefuka, Sasa Jifunze Kutembea

Anayefikiria operesheni ya kurefusha miguu huwa na swali moja mdomoni: nitaongeza sentimita ngapi? Ni nadra kumsikia akiuliza atakwendaje chooni wiki ya tatu, nani atamfulia, au ni lini atapanda ngazi tena bila kushika ukuta. Makala haya ni ya maswali hayo ya pili. Siandiki ili kumshawishi mtu aende, wala sina hamu ya kumcheka aliyekwenda. Mtu aliyeitwa andunje tangu darasa la tatu ana haki ya kuchoka. Ila matangazo ya hospitali huuza kimo, na kimo chenyewe hupatikana ndani ya miezi miwili au mitatu. Yanayobaki, yaani karibu mwaka mzima wa kuuguza miguu na kuizoea, huachiwa mgonjwa na jamaa zake wayagundue wenyewe.

Vyuma vya kazi hii wengi wetu tumeviona bila kujua asili yake. Katika wodi za mifupa, iwe Dar es Salaam au Nairobi, hukosi kijana aliyeanguka na bodaboda akiwa amelala, mguu umezungushiwa pete za chuma na waya zinazopenya nyamani. Mtaani huitwa antena. Mbunifu wake ni Gavriil Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan huko Siberia, ambaye katika miaka ya 1950 alibaini kwamba mfupa uliokatwa kwa uangalifu, ukivutwa polepole, hulijaza pengo wenyewe. Sifa zake zilienea alipomtibu Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka 1964, ambaye mguu wake ulivunjwavunjwa katika ajali ya pikipiki mwaka 1965. Ilizarov aliuunga, akaurudishia urefu uliokuwa umepotea, na Brumel akaruka tena zaidi ya mita 2. Rekodi yake ya mita 2.28 hakuifikia tena. Namtaja kwa sababu hiyo ya mwisho. Huyu alikuwa hodari kuliko wote duniani katika mchezo wake, alitibiwa na mvumbuzi mwenyewe, na bado mguu haukurudi kuwa ule wa zamani. Kijana mwenye miguu mizima anayeambiwa kwamba baada ya miezi sita atakuwa uwanjani kama kawaida aikumbuke habari hii.

Tiba iliyokusudiwa majeruhi na waliozaliwa na mguu mmoja mfupi sasa hufanyiwa watu wazima na wazima wa afya kwa ajili ya kimo tu. China ilipiga marufuku kuifanya kwa ajili ya urembo mwaka 2006, baada ya watu kuharibiwa miguu. Kwingineko imeshamiri: Uturuki, India, Korea Kusini, Ujerumani, Marekani. Bei ni ya makumi ya maelfu ya dola, na Marekani ndiyo ghali zaidi. Kwa msafiri wa kutoka kwetu, Istanbul ina ndege za moja kwa moja na bei yake iko chini ya ile ya Marekani, kwa hiyo nitatoa mifano ya huko.

Kazi yenyewe ni hivi. Mfupa hukatwa, wa paja au wa muundi, miguu yote miwili. Huachwa siku 5 hadi 10 uanze kuunga. Kisha vipande huachanishwa kidogo kidogo, milimita 1 kwa siku pajani na mara nyingi pungufu ya hapo kwenye muundi, tena kwa awamu tatu au nne kwa siku. Sentimita 5 ni kama siku 50 za kuvuta, mambo yakienda sawa. Baada ya hapo mfupa mchanga unahitaji miezi mingine, mara mbili ya muda wa kuvuta au zaidi, ili ukomae na kubeba uzito. Vyuma vinaweza kuwa vya nje kama vya Ilizarov, au msumari uliopitishwa ndani ya uboho na unaorefushwa kwa sumaku: mgonjwa huweka mashine juu ya paja, inanguruma dakika chache, robo ya milimita imepatikana. Msumari hauachi matundu ya kusafisha kila siku, lakini mingi ya aina hii haistahimili uzito wa mwili kabla mfupa haujakomaa. Ukiukanyagia mapema hupinda au kuvunjika ndani. Mwaka 2018 ulitoka msumari wa chuma cha pua uliomruhusu mgonjwa kukanyaga mapema, ukashangiliwa sana. Mwanzoni mwa 2021 ukaondolewa sokoni baada ya maungio yake kuonekana yanaliwa na kutu na mfupa wa jirani kuathirika. Kwa hiyo daktari akikusifia kifaa kipya, muulize kimekaa ndani ya watu miaka mingapi.

Mfupa una kipaji cha kukua. Misuli, kano na mishipa ya fahamu haikushirikishwa katika uamuzi huo. Inavutwa tu, na yenyewe ndiyo itakayokusumbua.

Nafanya kazi ya mazoezi tiba, na kijana wa kwanza aliyeletwa kwangu baada ya kurefushwa miundi aliingia akikanyaga kwa vidole, visigino viko hewani, kama amevaa viatu vya mchuchumio visivyoonekana. Dada yake alikuwa amemshika kiuno. "Shikamoo dokta," akasema, maana kwetu kila avaaye koti jeupe ni dokta. Nikamlaza, nikakipakata kisigino chake cha kulia kiganjani, unyayo ukiegemea kwenye mkono wangu, nikausukuma taratibu kuelekea upande wake. Haukusogea. Kano ya nyuma ya kifundo ilikuwa imekaza hadi mchoro wake unaonekana chini ya ngozi. Na goti, nililolitazama baadaye, halikunyooka lote.

"Unalalaje?" nikamuuliza.

"Naweka mto chini ya magoti. Ndiyo napata usingizi."

Dada yake akadakia: "Tena ni mimi ninayemwekea."

Ule mto ndio uliolikunja goti. Mguu unaovutwa hutafuta mkao wa nafuu, na mkao wa nafuu ni goti lililokunjwa na unyayo ulioelekea chini. Ukiupa mkao huo usiku kucha kwa wiki nane, misuli hufupika hapo hapo, na kuirefusha tena ni kazi ya miezi. Wengine huishia kukatwa kano ili ilegezwe. Kama unauguza mtu wa namna hii, mto usiwe chini ya goti. Viringisha taulo, liweke chini ya kisigino, uliache goti linyooke kwa uzito wake lenyewe. Halafu mwenye mguu akaze paja, asukume nyuma ya goti kuelekea godoroni, ahesabu hadi tano, aachie. Aliyerefushwa muundi apitishe kanga chini ya unyayo, avute ncha zake mbili goti likiwa limenyooka, ashikilie nusu dakika, apumzike, arudie. Usiku avae banzi linaloushika unyayo wima. Litamkera. Na alivae.

Aliyerefushwa paja ana vita upande mwingine, nyonga na goti. Kukaa kutwa kwenye kiti cha magurudumu humkunja nyonga, naye akisimama huinama mbele na kubinua makalio nyuma. Dawa yake ni kulala kifudifudi mara mbili au tatu kwa siku, daktari wake akisharidhia, na kulikunja na kulinyoosha goti mpaka kikomo chake cha siku hiyo. Ukanda mgumu wa nje ya paja, unaotoka nyongani hadi chini ya goti, hukaza kuliko vyote. Wapo wanaotembea wametanua miguu kwa sababu yake tu. Haya yote si mazoezi ya nusu saa asubuhi ukamaliza. Katika miezi ya kuvuta ni ajira, saa kadhaa kila siku, pamoja na mtaalamu na peke yako, siku ya maumivu na siku isiyo ya maumivu. Asiyependa mazoezi leo, akiwa mzima, asijidanganye kwamba atayapenda akiwa na mifupa iliyokatwa.

Sasa jambo ambalo ningelirudia kwa kila mgonjwa kama angekuwa na subira ya kunisikiliza: kipimo ulichoandikiwa si deni. Watu huondoka nyumbani wakiwa wamejiapiza sentimita 8, na kila milimita inayopungua huiona ni fedha iliyoibwa. Hapo ndipo huanza kumficha daktari ganzi ya vidole. Mara nyingi kikomo kinachotajwa ni kama sentimita 5 kwa muundi na 8 kwa paja, na hicho ni kikomo tu, si fungu lako la halali. Daktari makini hukupima kila wiki au kila wiki mbili, kwa eksirei na kwa mikono. Kisigino kikianza kunyanyuka, goti likianza kugoma, au wingu la mfupa mchanga likionekana jembamba kwenye picha, hupunguza mwendo hadi robo tatu au nusu milimita, au husimamisha kabisa siku kadhaa. Wewe usijipunguzie kwa siri, kwa sababu mfupa ukiachwa unaweza kuunga kabla ya wakati na ikabidi ukatwe upya. Sema tu unachokisikia, chote, hata kama unajua jibu litakuwa "tusimame hapa". Aliyesimama kwenye sentimita 5 akakimbia mwaka uliofuata amefaidi kuliko aliyekamilisha 8 akabaki anachechemea, na sijapata kukutana na huyo wa pili akaniambia zile 3 zilikuwa na thamani hiyo.

Kuna dalili zisizongoja miadi. Kidole gumba cha mguu kikikataa kuinuka, au ngozi ya juu ya unyayo ikawa inaungua na kufa ganzi, mshipa wa fahamu umezidiwa. Piga simu siku hiyo hiyo, kabla ya kuvuta tena. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, likawa na joto na kuuma, damu huenda imeganda ndani, na ukiongezea kubanwa kifua au kuishiwa pumzi ghafla basi ni gari la wagonjwa, usiku huo. Katika siku za kwanza kabisa, hasa misumari ikipigwa kwenye mapaja yote mawili kwa pamoja, mafuta ya uboho yanaweza kuingia kwenye damu na kufika mapafuni na kwenye ubongo: mgonjwa huhema, huchanganyikiwa, pengine hutokwa na vidoa vyekundu kifuani. Na maumivu ya muundi yanayozidi badala ya kupungua baada ya operesheni, mguu ukiwa umekaza kama umejazwa upepo, yanaweza kuwa ya misuli iliyobanwa ndani ya ala yake. Hayo yana saa chache tu kabla ya madhara ya kudumu. Mwenye waya za nje aangalie matundu yake kila siku. Wekundu kidogo ni kawaida, usaha na harufu si kawaida.

Dawa za maumivu zina mitego miwili. Zile kali, za jamii ya tramadoli na mofini, hufunga choo na huzoeleka. Kula mapapai, kunywa maji, na mweleze daktari tarehe unayotaka kuziacha kabla hujaanza kuzipenda. Zile za kawaida za uvimbe, kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu hununuliwa dukani bila kuulizwa, madaktari wengi huzizuia kwa sababu zinaweza kuchelewesha mfupa kukomaa. Usijinunulie. Sigara, shisha na kila chenye nikotini acha wiki kadhaa kabla na usirudie mpaka mfupa uive. Hakuna kitu kidogo kiwezacho kukuharibia kazi kubwa namna hii. Chakula hakihitaji vidonge vya gharama: mayai, maziwa, maharage, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Vitamini D ipimwe, hasa kwa ndugu zetu wanaoishi Ulaya. Ngozi nyeusi na jua la Hamburg la mwezi wa Januari haviafikiani.

Turudi chooni, maana nimeshakitaja. Choo cha kuchuchumaa hakitumiki. Si vigumu tu, hakitumiki, kwa miezi mingi, kwa sababu kuchuchumaa kunadai goti likunjike lote na kisigino kikae chini, yaani mambo mawili ambayo mguu huu umeyapoteza kwa muda. Kama nyumbani hakuna choo cha kukalia, tengeneza kabla ya kusafiri, au nunua kiti chenye tundu. Weka mpini ukutani. Bafuni weka kiti cha plastiki kipana, ndoo ipandishwe juu ya kigoda ili mtu asiiname. Kitanda kiwe cha urefu wa kiti cha magurudumu. Nyumba ya ghorofa isiyo na lifti ni gereza. Hamia kwa shangazi anayekaa chini kwa miezi hiyo, na umshukuru mapema. Kwa Mwislamu, kusujudu na kukaa tahiyatu ni katika mambo yanayorudi mwisho kabisa. Mgonjwa ana ruhusa ya kusali kwenye kiti, asijilazimishe kwa kuona haya msikitini.

Mtu wa kukuuguza ni muhimu kuliko chumba chenye mandhari ya Bosphorus. Vifurushi vingi vya Istanbul hutaja hoteli, gari la kukupokea na mtaalamu wa mazoezi, lakini saa nane za usiku, mguu unapochoma na usingizi umekwisha, mtaalamu huyo amelala kwake. Usingizi mbovu ni wa kawaida katika miezi ya kuvuta, na huzuni nayo huja. Wapo wanaojuta kwa wiki kadhaa, kisha wakaacha kujuta. Anayekuuguza ajue hilo asitishike. Naye awe mtu mzima mwenye nguvu za kukuinua, anayejua ukweli wote, na aliyeafiki mwenyewe kuja.

Ukweli, hasa, ndio shida kwetu. Mgonjwa wa Uswahilini hana faragha. Watakuja kukujulia hali na juisi na machungwa, watakaa ukingoni mwa kitanda, watauliza ajali ilikuwa wapi na gari lilikuwa la nani. Wengi hudanganya, na uongo wa ajali ni mgumu kuutunza, kwa sababu siku utakaposimama utakuwa mrefu kuliko ulivyoondoka, na hakuna ajali ya hivyo. Ushauri wangu ni kuwaambia watu wachache ukweli na wengine nusu yake: "Nilifanyiwa operesheni ya mifupa ya miguu, naendelea vizuri, alhamdulillahi." Hilo halina uongo na halina mlango wa swali la pili. Atakayeuliza zaidi, mkaribishe chai. Kuhusu kubadili umbile alilokupa Mungu, zungumza na sheikh au mchungaji wako kabla ya kwenda. Kuanza mjadala huo na nafsi yako ukiwa kitandani na vyuma mguuni ni kujitesa mara mbili.

Kuna pia mwajiri. Kazi ya ofisini unaweza kuirudia kwa kompyuta ukiwa nyumbani baada ya wiki kadhaa. Kazi ya kusimama, ya dukani, ya jikoni au ya ujenzi, hesabu miezi mingi. Wanaoishi Ujerumani wajue kwamba sheria ya bima ya afya ya huko inaitaka bima imchangishe mwanachama gharama za matatizo yaliyotokana na operesheni ya urembo aliyojitakia. Usipange bajeti ukidhani kwamba likiharibika, bima italibeba lote.

Safari ya kurudi nayo ina mambo yake. Usipande ndege kabla daktari hajakuruhusu, na muulize kuhusu dawa ya kuzuia damu kuganda. Kutoka Istanbul hadi Dar es Salaam ni saa saba hivi za kukaa, na goti lako jipya halina pa kwenda kwenye viti vya nyuma. Lipia nafasi ya miguu, au omba kiti cha njiani unyooshe mguu mmoja. Omba kiti cha magurudumu cha uwanjani hata kama unatembelea magongo. Vyuma vitalia kwenye mlango wa ukaguzi, kwa hiyo barua ya daktari iwe mkononi, si ndani ya begi lililopelekwa. Na kabla ya kuondoka hospitali usikubali kuaga bila bahasha yenye picha zote za eksirei, maelezo ya operesheni, na kadi ya kifaa inayotaja aina, ukubwa na namba ya msumari. Nitaeleza sababu yake.

Ruhusa ya kukanyaga hutolewa na picha, si na hisia. Mfupa huangaliwa kuta zake nne, mbili kwenye picha ya mbele na mbili kwenye ya pembeni, na kwa kawaida tatu zikionekana zimeungana ndipo mgonjwa huachiwa uzito wote. Magongo mawili, kisha moja, kisha mikono mitupu. Siku ya mikono mitupu watu hujipiga video, na kwenye video hizo mara nyingi mtu anatembea kama bata, kiwiliwili kikiyumba kulia na kushoto. Misuli ya pembeni mwa nyonga imelala. Iamshe: lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, uurudishe polepole, kisha simama kwa mguu mmoja ukishika meza, na siku moja bila kushika. Kuyumba huko kusipofanyiwa kazi mapema hugeuka kuwa mwendo wako. Kukimbia huja karibu na mwaka, kwa walio na bahati na bidii, na kasi ya mbio fupi ndiyo huchelewa zaidi au isirudi yote.

Kisha huja ugeni wa kuwa mrefu. Kimo kimeongezeka chini ya nyonga tu. Kiwiliwili ni kilekile, mikono ni ileile, kwa hiyo ukiketi mezani na rafiki zako mnalingana kama zamani, na mshangao huja mkisimama. Aliyerefushwa sana huanza kuona mikono yake mifupi kwenye kioo. Fundi wako wa nguo atagundua kabla ya mama yako: kiuno hakijabadilika, lakini suruali zote zimekuwa za kuvukia mto. Usikimbilie kushona kabati zima. Mapaja huwa yamekonda baada ya miezi ya kukaa, nayo yatajaa tena. Shona mbili, ngoja. Kanzu nazo zitapanda juu ya kifundo, na kwa wengi hilo halina ubaya.

Mwili una kumbukumbu ya urefu wake wa zamani, na inachelewa kufutika. Hatua inakuwa ndefu kuliko unavyokusudia, ngazi unaikanyaga mapema, mpira unaokuja unaupiga sentimita chache pasipo. Rudisha kiti cha gari nyuma na urekebishe vioo kabla hujatoka getini, na ujizoeze breki kwenye uwanja mtupu. Baiskeli ipandishwe kiti. Kwenye daladala au matatu magoti yatagonga kiti cha mbele, kero ambayo warefu wamekuwa wakiilalamikia miaka yote nawe hukuwasikiliza. Wapo wanaoendelea kuinua shingo wakizungumza na watu ambao sasa wanalingana nao. Hali hiyo huisha polepole kwa kutoka na kutembea, haiishi kwa kujitazama.

Kujitazama ndiko ninakokuhofia. Kila mtu hupungua sentimita 1 au zaidi kati ya asubuhi na jioni, pingili za mgongo zinapobanwa na uzito wa siku, na hilo ni la kawaida kabisa. Aliyelipa dola elfu nyingi kwa kila sentimita akianza kujipima mara mbili kwa siku hukosa raha juu ya kitu ambacho hakuna operesheni inayokizuia. Tundika utepe wa kupimia mahali pasipofikika. Na kama kimo ulichokifikia kimeanza kuonekana kifupi, ukajikuta unahesabu bei ya kurefusha na kile kipande kingine, muundi baada ya paja, nenda kwa mshauri wa saikolojia kabla ya kwenda kwa daktari wa mifupa. Kuna maradhi ya kuona kasoro mwilini ambayo hayaponi kwa kisu, na hospitali nzuri humpeleka mgonjwa kwa mtaalamu wa aina hiyo tangu mwanzo. Ile isiyokuuliza chochote ila namba ya kadi ya benki, iogope.

Watu nao? Wengi hawatagundua. Atakayegundua atasema "umerefuka, au ni viatu?", utacheka, mtaendelea na mengine. Baadhi ya wagonjwa huvunjwa moyo na wepesi huo. Walitarajia dunia igeuke.

Lililobaki ni ile bahasha. Msumari haukai milele. Kwa kawaida huondolewa baada ya mwaka mmoja au miwili, na wenye sumaku ndani yake usiingie nao kwenye mashine ya MRI bila kumwambia mpiga picha na daktari aliyeuweka kuulizwa. Kuutoa ni operesheni nyingine, nusu kaputi nyingine, na kila aina ya msumari ina vifaa vyake vya kuung'oa. Daktari wa huku asiyejua aina yake anaweza kukufungua kisha akakosa kifaa cha kuushika. Uliza tangu mwanzo kama bei ya kuutoa imo ndani ya kifurushi, operesheni hiyo itafanyiwa wapi, na nauli ya safari hiyo ya pili nani anailipa. Ukishatolewa, yale matundu ya skrubu hubaki kuwa sehemu dhaifu ya mfupa kwa wiki kadhaa. Utatembea karibu siku hiyo hiyo na utajisikia mzima, na kwa sababu hiyo hiyo watu hurudi uwanjani mapema wakavunjika hapo. Mpira, kuruka na kubeba mizigo visubiri mpaka picha ioneshe kwamba matundu yamejaa.